Pamba ya Nkambo Mumba mbele ya jury

Lubumbashi, Jumamosi, siku ya posho

Nkambo Mumba, mukewenza wangu wa utani,

Jambo sana. Magoti yanasema nini? Ile mafuta ya mawese imeyatuliza kidogo? Sisi bote huku tuko bazima. Leo Donat apumzike kukusomea. Kazi hiyo nimemupa Papa, mutoto wako, na asiruke neno hata moja. Unamuona alivyonona?

Sasa kaa muzuri. Nimepita! Jana nilitetea mémoire yangu, kazi ya kumaliza masomo, na balimu ba jury balinipa grande distinction, alama ya juu kabisa. Mama alipiga vigelegele mpaka mulinzi wa université akaja kuchungulia. Najivuna, Nkambo, wacha mujukuu wako ajivune.

Wakati wa Noeli ulinicheka, eti muntu mukubwa anasoma majani ya mashairi ya Bauzbeki. Lakini bashairi babo ba siku hizi habataji mumea bure. Rehani, ndugu ya lumbalumba yako, kwabo ni harufu ya nyumbani. Na pamba! Kwabo pia, sawa huku kwetu wakati wa Babeleji, serikali ililazimisha bantu kulima pamba, hata batoto balitolewa darasani kwenda kuvuna.

Hapo profesa mumoja wa jury akanibana. Alisema pamba ni nyeupe, ni laini, ni furaha. Maumivu nimeyatoa wapi? Bila jibu, kazi yangu yote ilikuwa inaanguka. Nikamueleza ndoa ya dada Victorine, namna ulivyosimama na fimbo yako, ukakusanya matawi yote ya pamba yaliyopamba meza, ukayatupa inje. Akatabasamu, akasema hayo ni mambo ya bazee tu.

Yoo, Nkambo, hasira ilinipanda! Basi sikufichi: nikasema yote. Nikasema ile uliyonionyesha mimi peke yangu nikikuogesha, alama za fimbo mugongoni, sababu kikapu chako cha pamba hakikujaa, na ulikuwa mutoto bado. Nikasema bale bashairi na nkambo wangu habajuani, lakini balilima shamba moja. Profesa akaniomba jina lako, akaliandika.

Siri yako imetoka. Unikasirikie ukitaka, lakini ile distinction ni yetu sisi babili.

Papa alikuwa mustari wa mbele. Hakujua. Miaka yote alidhani unajifunika sababu ya baridi. Asubuhi hii alikata tiketi ya kuja kwako bila kunywa hata chai.

Kwa hiyo akisoma mpaka hapa, sauti ikimukatika, usimuambie aendelee. Mupe mukono.

Salamu kwa Donat na majirani bote.

Mimi mukewenza wako,
Dorcelle