Mikono Uliyoikalia

Baba,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia tena, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia.

Nimekasirika. Tangu Jumamosi nina maneno, na wa kumwambia ni wewe tu.

Jumamosi wamekufanyia kumbukumbu. Si sisi, ni wao. Wale wale wa chama! Ukumbi mkubwa pale mjini, viti vimevishwa vitambaa vyeupe, na picha yako ukutani, ile ya suti ya kijivu, kabla hawajakufukuza chama na ubunge ukaenda na maji. Watu wana macho makavu, Baba. Mezani wakaweka mvinyo wa Makutupora, wa zabibu za huku kwetu. Unakumbuka mwaka ule zabibu zetu zilivyokaukia shambani? Wanunuzi walikuwa wanafika, wanauliza shamba la nani, wakijibiwa wanageuza gari, maana walishatishwa. Mama akaenda kuuza ubuyu stendi ili mwanao Elia amalize chuo. Waliowatisha wale wanunuzi ndio hao Jumamosi waliinua glasi wakisema, "Shujaa wetu."

Mgeni rasmi alikuwa yule jirani yako wa kiti bungeni. Mlikula naye nyama choma miaka na miaka, kisha ulipotoka rumande na kile kikohozi, akavuka barabara asikusalimie. Siku hizi ni mkubwa. Alipanda jukwaani, akafuta macho kwa leso, akasema, "Kabla hajafa alinipigia simu. Akaniambia, ndugu yangu, nilikosea. Nisameheni, narudi nyumbani."

Uongo! Uongo mchana kweupe! Miezi yako ya mwisho ni mimi niliyekushikia simu sikioni, mkono wako ulikuwa hauna nguvu tena. Hukumpigia mtu huyo. Hilo "nilikosea" sikulisikia hata siku moja. Nilichosikia ni kikohozi, na "Yudi, nigeuze upande wa dirisha."

Ukumbi mzima ukagonga meza. Unaijua ile sauti. Glasi zikawa zinacheza, na watu wakageukia meza yetu sisi wafiwa, kuona kama tunaafiki.

Nikakumbuka nilipokuwa darasa la sita. Shule ilitupeleka bungeni, nikakaa kule juu kwa wageni na soksi zangu nyeupe. Siku hiyo ulikuwa unapitishwa ule muswada wa kuwaziba watu midomo. Wenzako wote wakagonga meza. Wewe ulikuwa umekalia mikono yako, viganja chini ya mapaja, kama mtoto aliyekatazwa kugusa chakula cha wageni. Walipoulizwa wasioafiki, ikasikika "Siyo" moja tu, wakakucheka. Jioni nikakuuliza kwa nini uliikalia mikono. Ukaniambia, "Mikono ina tabia ya kufuata wenzake, mama. Ukiiachia, itagonga tu." Tangu hapo Elia akigonga meza kudai ugali, wewe ulikuwa unamkemea, "Hapa si bungeni!" Tulicheka mpaka Mama akatufukuza mezani.

Jumamosi Elia hakucheka. Alikuwa ameahidiwa na hao hao kazi wilayani, kule Chemba. Miaka yote hii kila anapoomba kazi, wakifika kwenye jina la baba wanamwambia asubiri, na ana watoto wawili. Asubuhi ile Baba Mdogo alituweka chini. "Yatakayosemwa yakubalini," akasema. "Marehemu haumii." Basi Elia akagonga meza. Aligonga kainamisha kichwa, machozi yanamtoka, na sikumlaumu. Niliyemlaumu ni wewe. Ulituachia jina, na jina haliinjikwi jikoni. Ndiyo, nakuambia hivyo hivyo, na udongo wa kaburi lako haujakauka.

Lakini mikono yangu niliikalia. Nikamtazama Mama, yake alikuwa ameificha ndani ya khanga.

Kisha mshereheshaji akaniletea maikrofoni, nitoe neno la shukrani kwa niaba ya familia. Nikasimama. Nikamtazama mgeni rasmi, nikasema, "Siyo. Hakukupigia." Wakanizimia maikrofoni, wakafungulia muziki.

Jumatatu Elia akaambiwa ile nafasi imepata mtu. Kila jioni Mama alikuwa anapika mlenda na ugali, ananituma nimpelekee kwake, naye anapokea sahani na kufunga mlango. Jana hakufunga. Alisimama pale na sahani mkononi, akaniuliza taratibu, "Kweli Baba hakumpigia?"

Nikamwambia kweli. Akakaa kizingitini, akanisogezea sahani, tukala wote.

Hasira yangu na wewe haijaisha, usije ukadhani. Lakini pumzika. Watakusema tena, maana maiti hajibu, na watagonga tena meza zao. Nakuahidi nitakuwepo, na nitawajibu, hata kama itasikika sauti moja tu na ukumbi mzima ucheke.

Kwaheri, Baba.

Mwanao,
Yudi