Kwa Séraphin, Aliyesema Alkooli Isilale Peke Yake

Ni mwaka mzima sasa, Séraphin, tangu moyo wako usimame ukiwa umekaa kwenye kiti cha karakana yako nyuma ya jikoni, kiinjini cha ndege kikiwa bado mkononi.

Mji wetu wa Likasi ulikujua kwa kelele. Jumapili baada ya misa ulipanda baiskeli, ndege ya telekomandi, ile ndogo inayoongozwa kutoka chini, umeifunga mgongoni kama mtoto, ukashika njia ya Kakontwe kwenda kuirusha, na hata wasioenda kanisani walitoka kuangalia. Kiwandani ulitengeneza mashine za wengine maisha yako yote. Hizi ndogo zilikuwa zako. Mafuta yake hayauzwi kwetu, basi uliyachanganya mwenyewe: methanoli, ile alkooli ya viwandani, sehemu nane, na mafuta ya mbarika sehemu mbili. Mbarika aliichuma Fidélie mke wako kando ya reli, akaitwanga, akaichemsha, akaichuja kwa kitenge kikuukuu.

“Ndege ya bwana wangu inakulaka kunipita,” alikuwa akiwaambia majirani, “na haisemake merci.”

Ulikuwa mwoga wa alkooli ile, na woga wako ulikuwa akili. Ulimfundisha Fidélie kwamba moto wake hauonekani juani: akihisi joto karibu na meza yako, atangulize fagio, liungue fagio kwanza. Ulimwambia inanukia kama pombe na inalevya kama pombe, kisha inampofusha mtu, kisha inamzika. Kwa hiyo sheria yako ilikuwa moja. Bidoni, dumu lile la alkooli, ikiingia tu nyumbani, hata kabla ya kunawa, uliitia mbarika.

“Alkooli isilale peke yake mu nyumba yangu. Ilale na bibi yake.”

“Na mwizi akiikunywa?” Fidélie akauliza.

“Mbarika inaharisha. Atatubu mu choo, mbele ya kufika mbali.”

Siku ile ya mwisho ulileta bidoni ya manjano, alkooli ndani yake nyeupe kama maji, ukakaa upumue kidogo. Hukuinuka tena. Alkooli ililala peke yake.

Kwenye matanga yako ua lilijaa. Waliofungua karakana ili kinamama wapate kivuli waliiona bidoni, wakaitoa kwa heshima, wakaipanga ukutani pamoja na bidoni za lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, na za munkoyo, kinywaji cha mahindi, walizoleta majirani. Bidoni za manjano ni kama mapacha. Matanga yalipoisha kila mtu akachukua iliyo yake, au aliyodhani ni yake. Fidélie alipoinuka kwenye mkeka wa ujane na kuiulizia, ukuta ulikuwa mtupu.

Tangu hapo hajakaa na amani, Séraphin. Wewe alikulilia kwa haraka, kama mtu aliyeacha chungu motoni. Kila matanga yanapotokea mtaani yeye yupo, na haangalii maiti. Anainamia bidoni moja moja akitafuta kishikio kile kilichopasuka ukakiunga kwa chuma cha moto, kikabaki na kovu kama kiwavi. Watu wamemcheka. “Angalieni, mujane wa Séraphin. Lutuku ilimushika kabisa.” Yeye anainamia bidoni inayofuata. Akisikia mtu fulani ameamka haoni, miguu yake inakwenda yenyewe mpaka kwenye mlango wa huyo mtu. Binti yako Danielle amemsihi apumzike. Anasema atapumzika akijua.

Arsène mdogo wako alikwenda kwa yule aliyekuuzia alkooli, nyuma ya soko.

“Miye nauzisha alkooli,” akaambiwa. “Mwenye kununua ndiye anajua ataifanya nini.”

Akaenda kwenye ofisi moja ya serikali, watangaze mitaani habari ya bidoni iliyopotea.

“Nani amekufa?”

“Bado.”

“Basi utarudia mutu akikufa.”

Maneno hayo hatukuyasahau na hatutayasahau. Tunakumbuka pia kwamba zamani, kwenye karakana alikofanya kazi baba yako, kila chombo cha sumu kilichorwa fuvu la kichwa, hata asiyejua kusoma aliogopa. Leo bidoni ileile inabeba maji ya mtoto, tindikali ya madini na pombe ya matanga, na mwenye kuiuza analala vizuri. Wanaokufa kwa kinywaji wanasemwa wamerogwa. Uchawi huo unauzwa mchana.

Juzi, Séraphin, lile kovu lako la kiwavi limeonekana. Fidélie alikuwa amepita kwa jirani yake Simone kuomba moto wa makaa. Bidoni ilikuwa mlangoni, imejaa maji.

“Mama Simone, hii ulitosha wapi?”

“Mu soko. Niliinunua tupu, kwa yule mama wa mabidoni.”

“Ilikuwa inanuka nini?”

“Nilishaosha na sabuni, dada. Unainusa juu ya nini? Ni bidoni tu.”

Ameirudisha nyumbani. Imesimama karibu na kiti chako, ndani kuna mbarika tele hadi shingoni. Alijua amechelewa, akaitia hivyohivyo. Yule mama wa mabidoni hakumbuki nani alimletea. Kwa hiyo tunajua mahali ilipo bidoni. Ilikomwagwa alkooli, katika chupa gani, chini ya kitanda cha nani, hatujui.

Wewe unayesoma haya, kama ulitoka kwenye matanga yetu na bidoni ambayo hukuja nayo, njoo useme. Hatukuiti mwizi. Kama umebakiza hata kikombe, usikinywe, usikiuze, usikimwage karibu na moto. Kama kuna aliyekunywa na macho yanaona ukungu, asingoje asubuhi, asipelekwe kuombewa kwanza: apelekwe hospitali.

Misa yako itasomwa Jumamosi hii asubuhi, na watu watakuja nyumbani baadaye. Waje. Fidélie atakuwa mlangoni na mkebe wa mbarika, na kila bidoni itakayoingia itapita kwanza chini ya pua yake. Atakayecheka na acheke.

Wanaokukumbuka ni mke wako Fidélie, binti yako Danielle, mdogo wako Arsène, na wote waliozoea kuinua macho Jumapili. Hatutakuacha usahaulike, Séraphin, siku zetu zote. Lakini usimwambie mkeo alale. Bado kuna alkooli yako mahali fulani mjini, na imelala peke yake.