Majemadari Wawili Barazani Kwangu

Geita, Jumatatu 6 Juni 1938

Nimefua. Nimepika. Nimempeleka Baba zahanati kufungwa kidonda cha mguu. Bado kinanuka. Mganga kasema asiutembelee mpaka nyama mpya iote, la sivyo utakatwa. Baba kachukua fimbo yake, akasimama. Alikuwa askari wa Mjerumani, hapendi kuambiwa akae.

Mzee Masanja, baba wa mume wangu, naye yuko hapa tangu afiwe na mkewe kule Shinyanga. Katika vita vile vile vya Mjerumani na Mwingereza, yeye aliwabebea Waingereza mizigo. Wazee wawili, baraza moja, hawasemezani. Chakula kila mtu na chake. Wamenichosha.

Jioni dereva wa lori la pamba kaniletea kifurushi kutoka Ushirombo. Sista aliyenifundisha kusoma kanitumia kitabu! Habari za vita vile, na majemadari wawili waliowindana nchi nzima, wa Kijerumani na wa Kiingereza. Kwa Kiswahili safi. Nimekinusa kama mkate.

Jumatano 8 Juni

Kitabu kizuri mno. Mwandishi hapendelei. Sura hii anakaa na Mjerumani, anaonyesha ujanja wake na ukatili wake. Sura inayofuata anahamia kwa Mwingereza, anakaa naye vile vile. Kila nikimchukia mmoja, nageuza ukurasa namwelewa. Shuleni tulisoma maisha ya watakatifu. Hao huwezi kuwagombania.

Paulo katoka zamu mgodini kakuta ugali umeungua. Mume mwingine angefoka. Yeye kacheka, kaniomba niwasomee wazee.

Ijumaa 10 Juni

Nimesoma barazani kwa sauti. Baba alinyoosha mgongo jemadari wake alipotajwa. Mzee Masanja kanipa kisogo kwa heshima, ndiyo desturi yake mkwewe nikiwa karibu, lakini kiko chake kilizima asitambue.

Nina furaha. Asante, Sista. Asante, mwandishi nisiyekujua.

Jumapili 12 Juni

Mambo yameharibika.

Sura ya leo Mjerumani anarudi nyuma, na jeshi lake linakula akiba za vijiji. Mzee Masanja akageuka. Mara ya kwanza namsikia akimwambia Baba neno.

"Ng'ombe wetu mliwala ninyi, na mtama mkachukua. Mama yangu alikufa kwa njaa."

Baba akajibu, "Na wewe ukaenda kumbebea adui sanduku la chai."

Nikafunga kitabu. Nakichukia. Namchukia na Baba. Hata pole hakusema.

Jumatatu 13 Juni

Baba katoroka. Alfajiri kitanda kitupu, fimbo haipo. Nilikimbia njia ya Katoro nikilia hadharani kama kichaa. Nilijua anarudi kwao Ushirombo. Kwa mguu ule!

Kugeuka, Mzee Masanja yuko nyuma yangu, anahema. Sikumwita. Na yeye ndiye aliyemwona kwanza. Baba alikuwa amekaa mchangani kando ya njia, bandeji imelowa damu, hawezi kuinuka.

Mzee Masanja akachuchumaa mbele yake, akampa mgongo.

"Panda."

"Niache."

"Nimebeba vizito kuliko wewe. Panda."

Akambeba. Njia nzima. Nilitaka kusaidia, akakataa. Baba alifumba macho, na machozi yakapita hivyo hivyo.

Mganga kagomba sana. Mguu haijulikani kama utabaki.

Jumanne 14 Juni

Homa. Baba hali chakula, hasemi. Nimeomba rozari. Kitabu nimekisukuma chini ya kitanda.

Alhamisi 16 Juni

Homa imeshuka. Neno lake la kwanza, "Soma kilichobaki." Niliogopa. Paulo akamleta barazani, akamlaza mkekani. Mzee Masanja alikuwapo, hakuondoka.

Sura ya mwisho. Vita vimekwisha zamani. Majemadari wale wawili wanakutana Ulaya. Mmoja amemwalika mwenzake. Wanakaa meza moja, wanakula, wanacheka.

"Soma tena," Baba akasema.

Nikasoma tena.

"Walikula pamoja?"

"Walikula, Baba."

"Nyama?" Mzee Masanja akauliza. Hakunipa kisogo.

Haikuandikwa. Nikasema labda.

Akacheka. Kicheko kichungu, sijapata kukisikia kwake. "Wamekwisha kula! Na sisi hapa tumenuniana mpaka meno yametung'oka!"

Baba hakucheka. Akasema taratibu, "Mama yako. Tuliingia kila nyumba. Sikuwa nikitazama nyuso. Huenda niliingia ya kwake." Kisha, "Nisamehe."

Mzee Masanja alikung'uta kiko chake, nikadhani ataondoka. Mwisho akaniambia, "Mayu, mama, leta maji tunawe."

Nilileta. Nikawapakulia pamoja, ugali na samaki. Kwa haraka nikamwaga mchuzi. Walikula sahani moja. Mzee Masanja alimchambulia Baba miiba.

Jumamosi 18 Juni

Mganga kafungua bandeji. Nyama nyekundu, safi. Mguu utabaki. Mungu asifiwe.

Jumapili 19 Juni

Misa. Nimerudi mapema. Upepo mzuri, jua si kali.

Nimekisoma kitabu tena peke yangu, polepole. Bado nakipenda. Nina neno moja tu nacho: wapagazi mwandishi kawapa ukurasa mmoja, na jina hata moja hakuna. Simlaumu sana. Aliandika alichokijua, akaandika kwa haki.

Mchana Baba kamwomba Mzee Masanja amweleze upande wake vita vilikuwaje. Walipitia wapi, nani alikuwa naye, nani hakurudi. Kaanza. Anataja mtu mmoja mmoja, na kijiji alikotoka.

Mimi niko ndani, nachambua choroko. Mlango nimeuacha wazi.