Baba Mkwe Kaona Filamu

Mke wangu, fundi cherehani wangu,

Mimi mzima. Sungura naye mzima, ila kanenepa kwa kukosa kazi.

Hiyo filamu ya wafanya mazingaombwe wanaoiba benki imenimaliza. Hakuna tena anayenialika kwenye shughuli. Juzi nilikwenda benki kuchukua fomu tu, mlinzi akanishtukia: "Wewe si yule wa mazingaombwe? Toa vya mfukoni!" Nikavuta leso. Unazijua zile, zimefungana. Ikatoka nyekundu, ikafuata ya kijani, ikafuata ya njano, foleni nzima ikalala chini!

Cheka, basi. Mimi nimechoka. Baba yako kaiona filamu jioni, asubuhi kaja kukuchukua. Akakuuliza mbele yangu, "Huyu si mwizi huyu?" Na wewe unayenishonea mifuko ya siri ya koti, unayejua ujanja wangu wote, ukaangalia chini, ukabeba begi.

Mbona hukusema neno? Mzee kadanganywa na filamu, sawa. Wewe kakudanganya nani? Kama kuna jingine, liseme, nitalisikia. Kama hakuna, rudi, uninunie hapahapa nyumbani.

Mumeo, kama bado.