Namba za Kiangazi

Jumanne, 4 Februari
Mita zote za kijijini kwetu zimesomeka hapa ofisini isipokuwa ya zahanati. Mtandao tena. Nimepanga matumizi ya wateja saa kwa saa kama kila wiki. Mashine za kukoboa kimya. Nyumba nyingi zimewasha taa ya nje tu. Ndiyo kawaida ya masika, watu wamehamia mashambani kwenye tumbaku, na masufuria na kuku wao. Kijijini wamebaki wazee, wanafunzi na mbwa.

Mchana bosi ameleta majina ya wazabuni watatu wa mnada wa umeme. Ni mnada wa kushuka. Atakayetaja bei ya chini kwa uniti ndiye atakayeleta paneli na betri zake na kuwauzia umeme watu wa kwetu kwa miaka mingi. Wa tatu ni Selemani.

Nimeenda kunawa uso. Nimerudi, jina bado lipo.

Jumatano, 5 Februari
Nimepika wali ukaungua. Hasira.

Niandike mara moja yaishe. Kampuni ya umeme wa jua tuliianzisha wawili, mimi na Selemani, kwenye chumba kimoja pale nyuma ya soko. Michoro yangu, mdomo wake. Mama yangu alipofariki, Selemani alikuja kijijini kwetu, kule Puge, kuzika. Yeye Mzaramo, sisi Wanyamwezi, watani tangu enzi za wapagazi, na utani aliufanya vizuri kuliko watani wote. Aliingia kaburini akalala, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Watu waliokuwa wanalia wakacheka. Hata mimi nilicheka. Kisha mimi nikiwa bado mkekani matangani, yeye akarudi mjini akafuta jina langu kwenye kampuni.

Alichukua na jogoo.

Alhamisi, 6 Februari
Leo nimeona kitu.

Mita mpya ofisi yetu ilizifunga Novemba, ilipopokea umeme wa kijiji kwa muda. Za zamani mwendeshaji aliyetangulia aliondoka nazo. Kwa hiyo jalada la wazabuni lina masika peke yake. Atakayelisoma ataona kijiji kinacholala mapema na kula michembe, viazi vyake vya kukaushwa. Hataona kiangazi, watu wamerudi, mpunga umejaa, mashine zote za kukoboa zinaunguruma kwa pamoja na kila Jumamosi kuna harusi yenye spika kubwa kama kabati.

Namba za kiangazi ninazo mimi. Nilizipima mwenyewe mwaka juzi, kwa kazi nyingine. Hakuna aliyeniomba.

Selemani asipojua, atanunua betri kidogo, atataja bei ya chini na atashinda. Halafu kiangazi kitamkuta. Mkataba hauna huruma. Umeme ukikatika anatozwa, na betri za kuongeza ananunua mwenyewe.

Ashinde tu, jamani. Ashinde!

Alhamisi, 13 Februari
Ziara ya wazabuni kijijini. Mvua, matope. Selemani kaja na buti mpya. Kanisalimia "dada Kalunde" kama vile hakuna kilichotokea. Nimeitikia. Mdomo wangu ulikuwa mchungu.

Kapiga picha milango yenye kufuli. Kauliza kama watu wamehama.

Mimi nilijifanya nafuta matope. Aliyemjibu ni shangazi Nyamizi. Dada wa baba, mashine yake ya kukoboa ni ya dizeli na anataka kuweka mota ya umeme. Kamweleza kila kitu. Kwamba watu wako shambani, kwamba wakirudi, hata njia ya kupita pale mashineni hakuna kwa magunia. Nikaona kisasi changu kinamwagika mbele ya macho yangu.

Selemani kacheka mpaka kashika kiuno. "Shangazi, watani nawajua nyie! Unataka nilete betri za kuwasha Dar nzima, mje kunicheka?"

Shangazi kaapa. Kadiri alivyoapa ndivyo alivyozidi kuchekwa. Mwishowe na yeye kacheka, afanye nini.

Njia nzima ya kurudi nimejiuma midomo nisicheke kwenye gari. Ukweli kaambiwa mchana kweupe, na mwenye mashine.

Jumatano, 26 Februari
Kimenuka. Mzabuni wa kwanza, mama mmoja wa Kahama, ameuliza kwa maandishi: matumizi ya miezi mingine yakoje? Utaratibu unasema swali la mmoja hujibiwa kwa wote watatu. Bosi kaniletea. Andaa, kasema.

Kwa hiyo na Selemani atapata. Mikono yangu mwenyewe imtoe shimoni. Nina hasira hadi meno yanauma.

Ijumaa, 28 Februari
Nimeandika jibu. Kweli tupu, kila namba kama nilivyoipima. Kiangazi matumizi yanapanda karibu mara tatu, na yanapanda mchana, mashine zinapowaka pamoja.

Majibu yote hutoka kwa jina la ofisi. Ndivyo tunavyofanya siku zote. Hili nimeweka jina langu chini, Kalunde, na cheo, na saini. Bosi hakuuliza. Pengine kadhani nataka sifa.

Ninamjua Selemani. Anajua alichonifanyia, na anajua kwamba mimi ninajua. Kitu chochote chenye jina langu atakishika kwa kijiti.

Nakala nne. Tatu za wazabuni, moja ya serikali ya kijiji.

Jumatatu, 3 Machi
Ujumbe wa Selemani asubuhi. "Dada Kalunde, mimi si mtoto. Hizo namba zako za kunitisha wape wengine. Kijiji nimekiona kwa macho yangu."

Nimeusoma nimesimama. Nimeusoma nimekaa. Mchana nimekula vizuri.

Ijumaa, 4 Aprili
Kashinda. Wale wawili wameweka bei ya juu, wenye akili zao. Yeye yuko chini kabisa, peke yake. Ofisini watu wamempigia makofi na mimi nimepiga. Nimepiga kwa nguvu kuliko wote.

Jumapili, 22 Juni
Umeme wa Selemani umewashwa jana. Hotuba, ngoma, mbuzi. Wengi bado hawajamaliza mavuno, kwa hiyo unawaka vizuri. Kanisani nimeimba na kwaya lakini akili ilikuwa kwenye betri zake. Nilizihesabu jana kupitia dirisha la banda. Kidogo. Kidogo mno.

Nimemwomba Mungu anipe subira. Sikumwomba kitu kingine.

Jumatano, 16 Julai
Umeanza kukatika. Mashine ya kwanza ikawaka, ya pili ikawaka, ya tatu kijiji kizima kimya. Mita zangu zote sifuri. Nimekaa ofisini naangalia skrini, roho yangu kwatu.

Ijumaa, 25 Julai
Leo umekatika tena, mara mbili. Kaja ofisini, Selemani. Kakonda. Kauza gari, kaja na bodaboda, vumbi hadi kwenye nyusi. Kaomba nimsaidie kumwelewesha bosi kwamba alipotoshwa na jalada. Bosi kafungua jalada kamwonyesha jibu la Februari. Namba zote zipo, na jina langu.

Selemani kaniangalia muda mrefu. Nadhani kaelewa. Nilitaka aelewe. Nilitamani mama angekuwepo amwone alivyotoka pale mlangoni.

Jumamosi, 2 Agosti
Nimekuja Puge na basi la asubuhi. Nilitaka kuona kwa macho.

Foleni ya magunia ya mpunga hadi barabarani. Akina mama wamekaa juu ya magunia yao, watoto mgongoni. Kwa shangazi kimya. Nikamuuliza kwa nini asiwashe dizeli, kwani injini yake ya zamani si ipo.

Hana injini. Kaiuza.

Nikamwambia, shangazi, mbona ulifanya haraka hivyo, hukungoja hata uone huo umeme? Akashangaa. Kasema mwenyekiti alibandika karatasi kwenye ubao wa matangazo, karatasi ya umeme wa kiangazi. "Nikaona jina lako pale chini. Nikasema, kama Kalunde mwenyewe katia saini kwamba kiangazi mashine zitakula umeme wote huo, basi umeme wenyewe unakuja. Kesho yake nikaita mnunuzi."

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa kwenye pumba.

Karatasi ile ilikuwa ya kusema watahitaji umeme kiasi gani. Haikusema wataupata. Lakini shangazi hakusoma karatasi. Alisoma jina. Na Selemani naye alisoma jina. Hakuna aliyesoma namba zangu.

Jumapili, 3 Agosti
Sikwenda kanisani. Umeme umekatika tangu asubuhi. Shangazi katoa kinu na michi miwili, maana wali wa mchana lazima upatikane na magunia yamekaa tu. Tumetwanga wote wawili. Mikono yangu ya ofisini imetoka malengelenge.

Selemani yuko kwenye banda la betri, peke yake, kavaa kofia. Kapita kutusalimia. Shangazi kamwitikia vizuri na kumpa maji. Mimi nimeangalia kinu. Sijamsamehe, na sijamhurumia. Nimejipima nikakuta bado.

Halafu kaja mama mmoja mwenye gunia kichwani, kauliza kama arudi nalo nyumbani au asubiri. Shangazi kamwambia alishushe, asubiri. Kanionyesha kwa kidevu. Kasema umeme utakuja tu, huyu ndiye Kalunde, yule aliyeandika.

Mama yule kanishukuru, kashusha gunia, kakaa juu yake.

Nikachukua mchi nikaendelea kutwanga.