Mahali pa Kwenda Peke Yangu

Jumatatu, 4 Agosti
Sketi nane za sare leo. Ya tisa niliishona kombo upande wa kushoto, nikafumua, nikaishona kombo tena. Sindano imenidunga mara mbili. Naogopa. Keshokutwa naenda Embu kwa daktari wa macho. Mume wangu Mutwiri nimemwambia naenda kutafuta vitambaa. Miaka kumi na saba ya ndoa, sijawahi kumdanganya kwa jambo kubwa.

Jumatano, 6 Agosti
Ni presha ya macho. Daktari, msichana mwenye sauti ya upole, alichora duara kwenye karatasi, akapaka wino pembeni pote, akaacha peupe katikati. "Hapa ndipo unaonea sasa, mama." Kilichopotea hakirudi. Matone kila siku, maisha yote, na huenda kilichobaki kikabaki. Huenda.

Baba alikuwa na ugonjwa huu, ila kwetu hakuna aliyejua jina lake. Miaka kumi na mitano alikaa kwenye benchi nje ya jikoni. Mimi ndiye niliyemshika mkono kumpeleka choo. Hakwenda mahali pengine tena.

Nina miaka arobaini na mmoja. Nairobi nimefika mara mbili, na Mutwiri. Sijawahi kulala mahali ambapo hakuna anayenijua.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimemwambia Mutwiri ukweli. Akaenda kukamua ng'ombe niliyekuwa nimeshakamua. Aliporudi nikamwambia nataka kusafiri kabla shule hazijafunguliwa. Peke yangu. Akauliza wapi.

Jumamosi, 9 Agosti
Mombasa. Kila mtu anasema Mombasa, hata mimi nilisema. Bahari sijaiona. Mutwiri akampigia dadake Kanana anayeishi huko, na kufikia jioni yote yalikuwa yamepangwa. Kanana atanipokea. Nitalala kwake. Binti yake atanishika mkono ufuoni.

Atanishika mkono. Chakula kilinishinda.

Jumanne, 12 Agosti
Mombasa hapana. Kanana amekasirika, ananiita mtu wa shukrani haba.

Nimekaa na kitabu cha jiografia cha binti yetu Makena. Kisumu, Nakuru, kote magari na watu wa kutokea pembeni. Kaskazini ramani iko tupu. Marsabit. Lami imefika siku hizi. Nataka mahali penye nafasi, kitu kikija nikione kingali mbali.

Nilipotaja jina hilo mezani, Makena aliweka kijiko chini.
"Huko uko na nani?" Mutwiri akauliza.
"Sina mtu."
"Sasa unaenda kufanya nini?"
"Kukaa bila mtu."
Lilikuwa jibu baya. Niliona uso wake.

Alhamisi, 14 Agosti
Pikipiki imenigonga sokoni hapa Nkubu. Ilitoka kushoto. Sikuiona kabisa. Paja limevimba, ndizi za mama mmoja zimesambaa barabarani. Mwenye pikipiki aliuliza kama mimi ni kipofu. Watu wakacheka. Nililia nyuma ya duka la mbegu.

Mutwiri alikuwa ameshasikia kabla sijafika nyumbani. Hakunilaumu. Alisema tutaenda wote wawili. Nikakataa. Akasema basi kitambulisho changu kiko kwake na kitakaa kwake.

Leo namchukia. Nimeandika hivyo na sifuti.

Jumapili, 17 Agosti
Sikwenda kanisani. Labda Mutwiri yuko sawa. Labda ni kiburi tu, na nitaangukia mtaro wa watu nisiowajua.

Nilifikiria Embu. Siku mbili, narudi. Lakini Embu naijua. Nkubu naweza kuizunguka yote nikiwa nimefumba macho. Nikishindwa kwenda mahali nisipopajua sasa ninapoona kidogo, nitaweza lini?

Nilimfuata Mutwiri alipokuwa akipanga kuni. Nikamwambia, "Nataka nijue kama naweza kuuliza njia. Baba hakujua kuuliza. Alikaa tu akingoja mkono wangu."
Aliendelea kupanga kuni. Alipanga hadi zilipoisha, akazipangua, akazipanga upya.

Jumanne, 19 Agosti
Sare za mwisho zilichukuliwa jana. Asubuhi nimekuta kitambulisho juu ya cherehani.

Mutwiri alinisindikiza hadi Meru mjini. Alitembea upande wangu wa kushoto hadi kituo cha basi bila kunigusa. Basi lilipoondoka hakupunga mkono. Alisimama tu, mikono mifukoni. Nililia hadi Isiolo, kisha nikanyamaza, maana nchi ilifunguka pande zote na sikutaka kuikosa.

Nimefika. Nimeuliza njia mara tatu. Mara moja nimepotea. Mwenye nyumba ya wageni ni mama anaitwa Halima. Akauliza nimekuja kuona nani. Nikasema sikuja kuona mtu. Akanipa ufunguo.

Jumatano, 20 Agosti
Nimeamka nikadhani yamekwisha, macho yote mawili. Weupe mtupu dirishani. Nilikaa kitandani sijui muda gani, nimeshika blanketi.

Halafu nikasikia Halima uani akigongana na mtu. Akacheka. Akasema ukungu wa leo umezidi.

Nikatoka nje. Barabara haikuwako. Wanaume wawili walipita wakitembea polepole, mmoja amenyoosha mkono mbele. Mwanamke mwenye mtungi alisimama, akauliza kwa sauti kama kuna mtu hapo. Nikamwambia niko. Akanipita kwa kufuata sauti yangu. Gari lilikuja taratibu mno, taa zimewashwa kama usiku.

Mutwiri alipiga simu. "Unaona nini huko?"
"Sioni kitu," nikasema. "Hapa hakuna anayeona."
Nikamweleza ni ukungu. Nikamsikia akishusha pumzi, kisha akauliza kama nimevaa sweta.

Halima anasema ukungu utaondoka saa nne. Ameniletea kiti na chai ya maziwa, tumekaa mlangoni. Tunasikiliza. Kuna mbuzi mahali fulani, karibu.