Dang'a ni ya Ndama

Jumatatu, tarehe 9 Machi, 2026

Wanangu mliolala fofofo,

Kidoti amezaa alfajiri! Ndama jike, mweusi tititi!

Mimi nimekwenda darasani. Dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, iliyomo kwenye ndoo ya bluu ni ya ndama, si ya chai yenu. Ipasheni moto kidogo, isichemke. Mnywesheni ~~akililia~~ saa nne, hata asipolia, kwani humo ndimo atakamopata nguvu ya kushinda maradhi. Kidoti apewe maji ya vuguvugu na majani makavu. Pumba kidogo tu, zisije zikamvimbisha tumbo.

Baba yenu aliiona dang'a nzito na ya manjano, akasema, "Mama watoto, haya yameoza, namwaga!" Nilimnyang'anya ndoo, nikampiga kikumbo, akanuna akarudi kulala. Ndama hakuweza hata kuinua kichwa. Nikachovya vidole, nikamtia mdomoni. Akanyonya, akanyonya, mpaka akasimama mwenyewe!

Mama yenu

Mkishasoma, mpelekeeni baba yenu barua hii chumbani. Amejifunika gubigubi, lakini hajalala. Mwambieni jina la ndama nimemwachia yeye.